Mensa

Siku ya kwanza ya Kilatini chuoni, Fulgensi alikaa mbele, viwiko juu ya kamusi ambayo hajawahi kuifungua, akiwatazama wenzake kama waliopotea njia. Mwalimu akaandika ubaoni "mensa" na kuuliza maana yake.

"Meza," akajibu Tabu, binti wa seremala.

Fulgensi aliangua kicheko. "Hiki ni Kilatini, dada, si Kiswahili cha kubana pua! Kashike randa ya baba yako!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Tabu kapatia," alisema. Kisha akamwinamia Fulgensi, uso kwa uso. "Meza."

Fulgensi, kicheko kingali kimemjaa kinywani, hakujua anatafsiriwa neno au anaamrishwa.

Akameza.