Matone ya Arobaini

Siku ya thelathini na nane tangu azaliwe, nilimkuta binti yangu Raya na siafu watatu shingoni, wamemng'ata hadi damu, naye ametulia tuli. Nikambeba mbio hadi kwa Bi Mwanahawa, mkunga anayegawa matone ya kutuliza watoto.

Sheria inataka kila mtoto apewe matone hayo hadi arobaini yake, wakati nyuzi za serotonini, kemikali ya utulivu, zikiota na kuenea ubongoni. Asiyetulizwa hapokelewi shule.

"Niandikie kwamba amemaliza," nikamwambia. "Hizi siku mbili simpi."

"Umechelewa, Baba Raya. Nyuzi zimeshafika zinakokwenda. Ubongo si ukili, useme utaufumua usuke upya."

"Siafu wamemng'ata na hakulia."

"Wajukuu zangu wanne hawalii, na wanakua." Akacheka. "Wewe ulilelewa enzi za makelele, ndiyo maana una hasira."

"Hasira ndiyo iliyonileta hapa mbio. Yeye kitamkimbiza nini?"

Akamsafisha mtoto shingo, akanirudishia.

Nyumbani mke wangu, Saumu, alikuwa amesinzia chini ya saa ya ukutani. Hunyonyesha kwa saa hiyo, kwa kuwa Raya haombi. Nikamlaza mtoto mkekani, nikamfinya paja, kidogo, kisha kwa nguvu, nikimsihi alie japo mara moja. Ngozi ikawa nyekundu. Raya akanitazama, akatabasamu.

Nilipoinua kichwa, Saumu alikuwa macho, ananiangalia. Nikangoja anitukane.

"Mfinye tena," akasema.