Vidonge vya Manjano

Daktari Nassibu alivimwaga vidonge vya manjano shimoni, kopo baada ya kopo, kisha akavimiminia mafuta ya taa. Mfagiaji wa hospitali alisogea kutazama.

"Vimeoza, daktari?"

"Havijaoza. Havifai."

Akawasha kiberiti.

Vidonge vile ndivyo vilivyomlia ujana wake. Mtoto wa wakulima wa korosho wa Milola, alisoma mpaka akavuka bahari, na huko ng'ambo akashikana na adui mmoja tu: kansa ya damu, ile inayomnyonya mtoto mpaka akabaki macho tu. Wenzake walirudi wakawa wakubwa wenye magari na madereva. Yeye akaomba wodi moja ya mabati hapa Lindi, aijaribu dawa mpya ambayo naye alishiriki kuizaa. Watu wa mjini wakasema huyu kasoma mpaka kapitiliza.

Jaribio lenyewe halikuwa na mafumbo. Watoto wote walipewa dawa ya zamani. Nusu yao wakaongezewa kidonge cha manjano, kwa kura. Walioongezewa wakiwashinda wenzao, dawa ingetengenezwa kwa wingi na kupelekwa duniani kote. Wasipowashinda, ndiyo basi tena.

Na kura haina mjomba. Ilimpa Mikaeli, mtoto wa Lusia wa Kipatimu. Ikamnyima Maftaha, mtoto wa Kazija. Na Kazija ni mdogo wake Nassibu, tumbo moja.

"Kaka," Kazija alimwambia mbele ya wodi nzima, "dawa imo mfukoni mwako, mwanangu awakodolee macho wenziwe?"

"Nikimpa Maftaha nimeliharibu jaribio. Kuna watoto wa nchi nyingi wanaingojea dawa hii."

"Mimi sikuzaa nchi nyingi. Nimemzaa huyu."

Lusia, mwanamke wa utani hata penye matanga, akadakia: "Mtani daktari, ndivyo mlivyo nyie Wamwera? Kwetu Umatumbini hata panya akipata muhogo humwita jirani!"

Akina mama wakacheka. Kazija hakucheka.

Ulikuwa mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, na Nassibu naye siasa ilimkolea. Kila mama alikuwa na mafiga yake nyuma ya wodi, moshi ukawa unawakohoza wagonjwa. Akawakusanya. "Jamani, si mmetoka vijiji vya ujamaa nyie? Basi na hapa mpike pamoja. Mwenye kula peke yake ni mnyonyaji."

Wakapiga makofi. Likaletwa sufuria moja kubwa, na tangu siku hiyo Kazija hakumlaumu tena kaka yake. Nassibu akashukuru moyoni kwamba amesamehewa.

Kila asubuhi nesi aliwapa akina mama vidonge mkononi. Watoto walikuwa wakimtemea yeye, na mama ndiye ajuaye jinsi ya kumhadaa mwanawe.

Mwanzoni wodi ilichangamka. Hata wale wa dawa ya zamani peke yake walianza kukimbizana barazani, nesi akawa na kazi ya kuwafukuza juani. Kisha homa zikarudi, zikamrudia kila mtoto, bila kuchagua. Mikaeli alikufa masika yakianza. Maftaha akamfuata, na mjomba wake ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Nassibu akayapima makundi mawili, akayapima tena. Hayakupishana hata kidogo. Alilia kama mtoto, lakini ndani ya kilio mlikuwa na faraja moja, nayo aliishika kwa mikono miwili: hata angempa Maftaha kidonge kwa siri, kisingemfaa kitu.

Asubuhi ile, kabla ya kwenda shimoni, alipeleka simu ya maandishi ng'ambo: dawa haina nguvu, wasiitengeneze tena.

Moto ulikuwa ukififia Lusia alipomkuta hapo. Alikuwa ametoka Kipatimu kuja kumpa pole Kazija. Safari hii hakutania.

"Pole, mtani."

"Pole na wewe, Lusia."

"Kazija ananiambia huli, hulali. Eti roho inakusuta, ulimnyima mtoto wa ndugu yako." Akamshika mkono kwa huruma. "Acha kujitesa, kaka yangu. Mwenyewe anaona haya kukwambia, ngoja nikwambie mimi. Maftaha hakukosa. Vidonge vyote vya nesi tulikuwa tunavisaga, tunavitia kwenye lile sufuria la uji, na watoto wote wa wodi wanakunywa sawasawa, kama ulivyotufundisha."