Bakuli la Kumi na Tatu

Mwaka ilipoanza shahada ya uzamili ya picha za tiba, mwanafunzi alikuwa mmoja, na Bi Sikujua, mpishi wa chuo, alipika jeli bakuli moja. Ndani alificha zabibu, mwanafunzi aitafute kwa ultrasaundi kama atafutaye uvimbe mwilini. Mwaka huu alipika mabakuli kumi na matatu.

Kumi na wawili waliziona zabibu zao, wakashangilia. Nakijwa alibaki akipitisha kifaa juu ya jeli yake, jasho likimtoka.

"Sema umeiona, tukale!" wenzake walimhimiza.

Alitazama tena, taratibu, mpaka pembeni kabisa. "Samahani, Bi Sikujua. Humu hamna kitu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Bi Sikujua alitabasamu. Kweli, hakuwa ametia kitu.

Wengine walipotoka, alifunga mlango, akapanda kitanda cha vipimo, akalegeza kanga kifuani.

"Haya, mwanangu. Huku kushoto, chini ya titi. Utakachokiona uniambie, kama ulivyoniambia la bakuli."

Nakijwa alimimina mafuta ya kipimo kiganjani, akayafumbata kwanza, yapoteze ubaridi.