Darasa la Flamenco la Jumanne

Shule zote zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya theluji, lakini kina mama kumi na wawili waliingia ukumbini wakikung'uta buti zao, wa mwisho akiwa amekumbatia sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.

Serah Wanjohi alikaribia kulia. Alikuwa ameendesha gari saa nzima kutoka Burnsville akiamini atakuta ukumbi mtupu.

"Mmekuja kweli? Na vile barabara ziko?"

"Tungekuacha namna gani, dada?" alisema Mama Nyiraneza, mkubwa wao, akivua koti. "Umekula?"

Serah alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa kundi la flamenco, dansi ya Kihispania, huko Minneapolis. Alitoka Nakuru kuja Marekani kusomea uuguzi, akaona flamenco jukwaani jioni moja, na uuguzi ukaishia hapo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, na watu walitoka mbali kumwona akiipiga sakafu kwa visigino. Lakini kazi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa hii: kuwafundisha bure wakimbizi wa Kongo, katika ukumbi wa kanisa lao kule Inver Grove Heights.

Bodi ya kundi haikuupenda mradi huo. Mwenyekiti, Bwana Zachariah, alikuwa ametamka wazi: wanafunzi wakiwa chini ya kumi, au wasipopanda jukwaani mwezi wa tano, darasa litafungwa, na Serah atafute kundi jingine la kuongoza.

Wanafunzi hao alipewa na Mchungaji Habiyaremye wa kanisa hilo. Serah alikwenda ofisini kwake na hotuba aliyoiandaa juu ya sanaa na upweke wa wakimbizi, jinsi mtu anavyoweza kujifungia ndani majira yote ya baridi bila kuongea na yeyote. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, halafu akaanza maswali yake. Ana mume? Walitengana. Watoto? Hakujaliwa. Na mama mzazi? Alizikwa Nakuru mwaka uliopita, na Serah aliyatazama mazishi kwenye simu, akiwa ndani ya gari, katika maegesho ya duka kubwa la Bloomington.

Mchungaji aliandika kitu kwenye daftari lake.

"Nimeelewa," akasema. "Nitakupa kina mama kumi na wawili. Hawatakosa."

Kweli hawakukosa. Kucheza ndiko kulikokuwa na shida. Flamenco aliyowafundisha huhesabiwa mapigo kumi na mawili. Mama Nyiraneza aliyahesabu vizuri hadi nane, kisha akaendelea kwa imani. Mama Birindwa alicheza akiwa ameketi, kwa mikono tu, na mikono yenyewe ilikwenda ilikotaka. Serah hakukata tamaa. Alirudia hatua ile ile mara arobaini, akiwaambia wainue kidevu, wawe na hasira kidogo usoni. Walijaribu kuwa na hasira, wakaishia kucheka.

Somo likiisha hawakuondoka. Walitandaza chakula mezani, wakamketisha Serah katikati, wakamuuliza kama analala vizuri, kama ndugu zake wanapiga simu, kama nyumba yake ina joto la kutosha. Serah alijibu yote kwa subira. Aliona ni sehemu ya kazi. Mtu aliyekimbia vita anahitaji mahali pa kuzungumza, na asiyezoea kuzungumza juu yake mwenyewe huanza kwa kuuliza ya wengine. Hilo alilisoma mahali.

"Noeli utakula na nani?" Mama Nyiraneza aliuliza Jumanne moja ya Desemba.

"Mimi? Nitakuwa tu studio, Minneapolis. Siku kama hiyo hakuna mtu, naweza ku-rehearse vizuri."

Kina mama walitazamana.

Siku ya Noeli, saa saba mchana, mara tu walipotoka ibadani, wote kumi na wawili walikuwa mlangoni pa studio na viatu vyao vya kuchezea. Walicheza kwa robo saa. Kisha wakala kwa saa nne, wakaimba, na Serah akaimba nao nyimbo ambazo hakujua kwamba bado anazikumbuka.

Kwenye ripoti yake kwa bodi aliandika: "Kiu yao ni kubwa ajabu. Wamedai somo hata sikukuu."

Mwezi wa tano walipanda jukwaani Saint Paul, wamevaa sketi nyekundu walizoshona wenyewe. Waliharibu mwanzo, wakaharibu na katikati. Halafu Mama Nyiraneza akapiga kisigino kimoja kwa nguvu, kama mtu anayefunga mjadala, wenzake wakamfuata, na ukumbi mzima ukasimama. Bwana Zachariah alipiga makofi huku akitafuta leso.

Serah alichukua maikrofoni.

"Kina mama hawa walikuwa peke yao," alisema, sauti ikimkatika. "Hawakuwa na pa kwenda, wala mtu wa kuwajulia hali. Flamenco imewapa familia."

Mama Nyiraneza alimsogelea, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge alichojifunga juu ya sketi, na watu wakapiga makofi upya. Kesho yake bodi iliidhinisha darasa liendelee.

Jumapili, baada ya mahubiri, Mchungaji Habiyaremye aliziita kamati zitoe taarifa za mwaka. Wakasoma vijana, ikasoma kwaya, kisha ikaitwa kamati ya kutembelea watu wapweke. Mama Nyiraneza alisimama taratibu, akishikilia kiti cha mbele yake.

"Yule dada Mkenya wa Burnsville anaendelea vizuri," alisema. "Siku hizi anacheka, na anamaliza sahani. Lakini bado si wa kuachwa peke yake, kwa hiyo kamati inaomba mwaka mmoja zaidi, na safari hii mtupe watu wenye magoti mazima."