Mgeni wa Kupima Pumzi

Sheria ya mashindano ilikuwa wazi: mwendesha baiskeli akipita kasi aliyokadiriwa na mashine kwa uzito wake, mkaguzi huhamia nyumbani kwake mpaka sababu ijulikane. Ndivyo Nakijwa wa Lushoto alivyopata mgeni. Mumewe, Shekiondo, alikuwa na kilo tisini, na alikuwa amewaacha wembamba wote kwenye mlima wa kutoka Mombo.

Mkaguzi huyo, Bwana Mghanga, hakuwa mtu mbaya. Alipima ugali kabla haujaliwa, akambandika Shekiondo vipimo kifuani, na akizidiwa na ukimya alisaidia kumenya viazi. Kila siku majibu yalikuwa yale yale: damu safi, baiskeli haina mota.

"Nimekagua wengi, shemeji," alimwambia Nakijwa jikoni. "Huyu akipanda, nasahau kazi yangu, nabaki kushangilia. Lakini mwili mzito haupandi hivyo. Wewe unayeishi naye hujawahi kujiuliza?"

"Sijawahi," alijibu Nakijwa, na ilikuwa kweli.

Jioni ile Shekiondo alirudi kutoka mazoezini, akaketi kula. Nakijwa alimtazama anavyotafuna. Akamtazama anavyopumua, taratibu mno kwa mtu aliyetoka mlimani. Alipomwekea mboga, vidole vyake vilitua kwenye kifundo cha mkono wa mumewe, vikabaki hapo kutafuta mapigo.

Shekiondo aliacha kula, lakini hakuuvuta mkono.

"Hata wewe, mke wangu?" aliuliza kwa upole.

Nakijwa alitaka kuuachia. Ila alikuwa bado anahesabu.