Stika ya Juu

Mashine ya kupima damu ililia mara moja, ikaandika: kundi A. Nesi alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea pakiti ya damu.

"Kavata, harakisha! Huyo mama anavuja damu huko thieta, kwenye upasuaji."

Kavata, mpimaji wa maabara, hakumpa. Kwenye kichupa cha sampuli chenye jina la mama alikuwa ameona ukingo wa karatasi ukichungulia chini ya stika, mwembamba kama uzi. Akaubandua kwa ukucha, polepole. Chini palikuwa na stika nyingine, yenye jina lingine kabisa.

"Hili si jina la yule mzee wa Gatuanyaga?"

Nesi akainama, akasoma. "Ngai! Stika zilikuwa zimejikunja, mashine ikazikataa. Nikaprinti zingine, nikabandika juu. Si ndivyo sisi hufanya kila siku?"

"Zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Ya mama na ya mzee."

Kavata akaitazama mashine. Ilikuwa imesoma sawasawa kila ilichopewa.

"Basi kichupa chenye jina la mzee kina damu ya mama. Na pakiti ya mzee, mlishaichukua?"

Ule mkono ulionyooshwa ukashuka taratibu.

"Nimetoka kumtundikia sasa hivi," nesi akasema. "Nimeiacha ikidondoka."