Kundi Moja

"Huna ruhusa," kompyuta ilimwandikia Mwaija tena, na folda ya picha ikagoma kufunguka. Bibi harusi kutoka kijiji cha Kiwangwa alikuwa ameketi pale studio, akisubiri picha zake.

Fundi wa kompyuta alikuna kichwa. "Bi mkubwa, jana ulitaka nimzuie mke mwenzio asifungue folda hii. Nikazuia kundi la watumiaji alimo, kumbe nawe umo. Mumeo aliwaweka pamoja, na kuwatenganisha anaweza yeye tu. Niwafungulie nyote?"

Mke mdogo alikuwa akimmiminia mgeni chai, hina imemkolea vidoleni hadi kwenye kucha. Mume wao ndiye aliyemletea hina hiyo.

Mwaija alitazama vidole vyake mwenyewe juu ya kibodi, vitupu.

"Acha," alisema. "Tukose sote."